Bibi ya Abwe Ni Miye Peke Yangu

Ninyi mnaocheka tayari, chekeni mmalize, maana mji mzima wa Baraka umeshanicheka, mpaka leo napita sokoni kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi machoni.

Mwito wa tribinali ulinikuta kwenye mashini yangu ya kushona. Ulisema bibi ya Abwe alichukua piesi nzima ya kitenge kwa mkopo kwa Mama Neema, muuzaji wa vitenge, hakulipa, na asipokuja kujitetea mali yake itakamatwa. Mali yangu ni ile mashini tu (ndiyo inayolisha watoto, kwa sababu Abwe, mume wangu, kila mara yuko Lubondja kununua karanga, anavyosema yeye). Na kitenge chenyewe sijakiona hata ndotoni.

Mdogo wangu Wilondja, anayefahamu mambo ya tribinali, akanifundisha mimi dada yake mkubwa. "Yaya, useme tu 'si miye'. Usiongeze kitu ingine."

Rahisi, sivyo? Lakini pale kwenye bomba la maji nilikuwa nimeshasikia kwamba kuna msichana mmoja anajiita bibi ya Abwe. Wivu ulikuwa unanila ndani kwa ndani, usiku sili, mchana silali (ndiyo, nimechanganya, na siku zile nilichanganya zaidi), nikaapa kwamba jina hilo sitaligawana na mtu mbele za watu.

Basi nikavaa vizuri, nikaenda. Jaji akauliza kama mimi ndiye bibi ya Abwe.

"Ndiyo, Muheshimiwa. Ni miye peke yangu."

Mama Neema, mtu wa haki jamani, akaniangalia, akakaza macho, akatikisa kichwa. "Muheshimiwa, huyu si ye. Ule mwenye alikuyaka kuchukua kitenge alikuwa kijana, tena mwembamba. Pengine Abwe iko na bibi mwingine."

Nilikuwa nimeshinda kesi! Wilondja alikuwa ameanza kutabasamu. Lakini mimi sikusikia ushindi, nilisikia "mwembamba" na "bibi mwingine", na kina mama kwenye mabenchi wakaanza kunong'onezana, kichwa kikapata moto, kushtukia nimesimama najipiga kifua.

"Bibi mwingine wapi? Abwe hana bibi mwingine! Na miye nilikuwaka mwembamba, ni juzi tu nimenona!"

Jaji akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ni wewe ulichukua kitenge?"

Wilondja akanivuta nguo. Nikamsukuma mkono.

"Ni miye!"

"Unaitika deni, unakubali ni lako?"

"Naitika! Bibi ya Abwe ni miye!"

Karani akaandika. Watu walicheka mpaka polisi wa mlangoni akafuta machozi kwa kofia yake, na mimi ndipo nikaelewa nilichoitika.

Kwa huruma ya Mama Neema mashini haikukamatwa. Tulipatana niwashonee wateja wake bure mpaka deni liishe. Wa kwanza aliingia kwangu na kitenge kipya kwapani, bado na karatasi yake, akapiga goti kidogo kunisalimu, msichana mwenye adabu zake.

"Yaya, jambo. Mama Neema amenituma unishonee. Na aksanti sana kwa hii kitenge, Mungu akubariki."

Sikumuuliza jina. Nilichukua mita, nikampima kiuno. Mama Neema hakusema uongo, ni mwembamba kweli.

Nilimshonea, na nguo ikamkaa vizuri mno, nilitamani nichome ile mashini kwa mikono yangu mwenyewe. Wivu haujaisha, sitawadanganya. Ila siku hizi mtu akiniuliza kama mimi ndiye bibi ya Abwe, namuuliza kwanza, "Kuna deni?"