Spea za Kwenda Kitale

Nimekana kwa muda mrefu kwamba niliwahi kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimemkania shangazi, nimewakania majirani zangu wa Muyeye, hapa Malindi, na wakati mmoja nilimkania hata mume wangu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiniletea sukari na mkate ili nisionekane dukani. Sasa nakiri. Nilijificha, pikipiki ikiwa imefunikwa turubai uani, na sababu niliyokuwa nikiitoa ilikuwa kebo ya klachi.

Mambo yote yalianza na mdogo wangu. Aliolewa Kitale, mbali kule kwenye baridi, na tangu aolewe yeye ndiye anayekuja pwani. Huja na watoto, na magunia ya mahindi, na masweta ambayo hakuna anayeyavaa. Mimi sikuwahi kwenda kwake hata mara moja. Udhuru wangu ulikuwa basi. Basi hunitapisha, na huo si uongo: nilipokuwa nikisoma chuo kikuu Nairobi, kila muhula niliuanza na kuumaliza nikiwa nimeshika mfuko mdomoni. Kupita Nairobi sikuwahi kupita. Nafundisha jiografia katika chuo kimoja Kilifi, na nimewaeleza vijana wengi jinsi Mlima Elgon, ulio jirani na Kitale, ulivyotokea, kwa ujasiri wa mtu aliyeuona kwenye ramani.

Kisha nikanunua pikipiki, ya kuniwahisha kazini. Ikabainika kwamba juu ya pikipiki sitapiki. Jumapili moja niliendesha mpaka Bofa, nikala samaki, nikarudi salama, na kwa furaha ya kipumbavu nikampigia mdogo wangu nimsimulie.

"Kwa hiyo kutapika kumekwisha," akasema.

"Kumekwisha kabisa!"

"Basi unakuja lini?"

Nilikuwa nimejinyonga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Nikamwahidi likizo itakayofuata. Akasema maneno ambayo yalinichoma kwa kuwa hayakuwa na hasira hata chembe.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Hii ukiivunja, usiniahidi nyingine. Watoto siku hizi hunicheka nikiwaambia mama mkubwa anakuja."

Udhuru wa basi ulipokufa, uliacha mrithi. Mrithi huyo alikuwa spea.

Likizo ilipofika, mtu mwingine angeanza kwa kufikiria nguo za baridi. Mimi nilianza na plagi. Nilikwenda duka la vipuri mjini, nikamwambia mwenye duka nataka vitu vinavyoweza kuharibika njiani kati ya Malindi na Kitale.

"Mama, pikipiki yote inaweza kuharibika njiani," akanijibu.

"Basi nipe vile vinavyoharibika zaidi."

Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Nikatoka na plagi, tyubu za mbele na za nyuma, viraka na gundi yake, cheni, breki, balbu, fyuzi, nati za kila kipimo, na spoku ambazo mpaka leo sijui ningezifunga kwa kutumia nini. Nilizipanga juu ya mkeka sebuleni. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, akazitazama kama anayesoma tanzia.

"Unakwenda Kitale au unakwenda kufungua duka?"

"Tahadhari kabla ya hatari," nikamwambia.

"Sawa. Na wewe utakaa wapi?"

Nilikuwa nimegundua kwamba sina kebo ya klachi ya pili. Ya kwanza ninayo, lakini je, hiyo ya kwanza ikikatika?

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingeweza kulifanya hata akijitahidi. Huku kwetu mtu haanzi safari ndefu bila kuaga, na kuaga hakufanywi kwa simu. Unakwenda nyumba kwa nyumba, kwa wakubwa wako wote. Unaamkia, unakaa, unakunywa ulichopewa, unaeleza uendako. Unaombewa dua. Kisha unapewa vifurushi, kwa sababu kila mzee ana mtu wake huko uendako, na kama hana mtu, ana wasiwasi kwamba huko hakuna chakula. Lipo na sharti ambalo hakuna aliyewahi kulitamka: ukishaaga, umeondoka. Ukionekana tena sokoni, watu hawasemi umechelewa. Wanasema safari imekataa, na safari iliyokataa hailazimishwi. Wazee wanakukalisha chini, na mambo yanaishia hapo.

Mimi niliaga kabla ya kufunga mzigo. Nilidhani kufunga mzigo ni kazi ya kati ya chai na kuoga.

Shangazi yangu alinipa papa mkavu, amefungwa kwa gazeti na upendo, na harufu yake ilitangulia mbele yangu kila nilikokwenda baadaye. Jirani akanipa mabuyu na vileja. Mwisho nikavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui kumuaga mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo unakwenda kweli, au unakuja kuniambia tena kuhusu basi?"

"Nakwenda kweli. Hata spea nimeshanunua, sebule nzima."

Mama alinitazama kwa macho yake aliyotibiwa Malindi mwaka ule alipokaa kwetu, macho ambayo tangu hapo yanaona zaidi ya yanavyotakiwa. Akanifukiza udi, akaniombea dua ndefu iliyotaja magari makubwa, nyoka, na madereva wanaosinzia. Kisha akaingia ndani, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi.

Naisema mbuzi ile kwa heshima. Ni mbao iliyokalika mpaka ikashika umbo la mama yangu, na ulimi wake wa chuma umekuna nazi za arusi zetu zote.

"Mpelekee mdogo wako," akasema. "Nimesikia huko anakamua nazi ya paketi."

"Mama, Kitale nazi zenyewe hazipatikani."

"Ndiyo maana nimekufungia na nazi."

Nilirudi Muyeye nikiwa nimeshaaga pwani nzima, nikaanza kufunga mzigo. Haukufungika. Mbuzi ilikataa kuingia pamoja na cheni, nazi zilikataa kukaa na tyubu, na papa alikubali kukaa na chochote ila mimi sikukubali. Nikatoa, nikarudisha. Nikasema nitaondoka kesho, kebo ya pili ikishapatikana. Mwenye duka alisema kebo inatoka Mombasa. Nikamshukuru kuliko ilivyostahili.

Basi nikawa mtu wa ndani. Mume wangu alikwenda sokoni badala yangu, akanunua vitu vya mtu mmoja ili wauzaji wasishtuke, kisha tukavila wawili. Niliongea kwa kunong'ona. Nguo zangu zilianikwa chumbani. Siku moja jirani aliyenipa mabuyu alikuja mlangoni, mimi nikiwa nyuma ya pazia na spana mkononi.

"Mwenzako kafika?" akauliza.

"Bado hajafika," mume wangu akajibu, na lilikuwa jibu la kweli kabisa.

"Mungu amfikishe. Hii harufu ya papa, mnapika?"

"Ametuachia kumbukumbu."

Siku zangu za mafichoni zilikwenda kwa adhana. Msikiti uko nyuma ya ukuta wetu, na mwadhini wetu ni mzee mwenye kifua kibovu. Akishawaita watu kwenye sala, hukohoa, kikohozi kikavu cha mara mbili, ndipo awaite kwenye ufanisi. Mama alipokuwa kwetu kwa ajili ya macho alimhurumia sana. Kila jioni alichemsha tangawizi, akamtuma mume wangu ampelekee.

Kebo ilipofika kutoka Mombasa, mume wangu aliiweka juu ya mkeka mbele yangu.

"Imekuja. Sasa ni nini?"

"Fyuzi."

"Unazo."

"Ninazo za namna moja tu."

Akaketi. Ni mtu asiyependa maneno mengi, na aliyachagua haya taratibu. "Mke wangu, hebu toka nje. Nenda dukani mwenyewe mchana, shangazi yako akuone, aseme safari imekataa. Utakuwa umepata udhuru wa halali. Hakuna atakayekulaumu, hata mdogo wako."

Alikuwa amesema jambo nililokuwa nikiliwaza tangu siku ya pili. Mlango ulikuwa pale. Ningetoka hatua chache tu, na safari ingekufa kwa baraka za wazee, nami ningelia kidogo kwenye simu na kuendelea kufundisha Mlima Elgon kutoka kwenye ramani. Sikutoka. Wala sikuondoka. Nilikaa katikati, nikihesabu nati.

Ukweli ni kwamba sikuogopa cheni kukatika. Niliogopa kufika. Niliogopa kumkuta mdogo wangu amekuwa mtu wa huko, ana jikoni ambamo sijui kijiko kinakaa wapi, ana watoto wanaoniamkia kama mgeni, na kwamba yote hayo yametokea mimi nikiwa hapa nasingizia basi. Kwa hofu hiyo, duka la vipuri halina kitu. Lakini mume wangu sikumwambia hivyo. Nilimwambia fyuzi zinatofautiana.

Alasiri ya siku iliyofuata nilikuwa nimekaa sebuleni nikipanga upya. Nilikuwa nimeikalia mbuzi ya mama, kwa kuwa viti vyote vilikuwa na spea. Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi mwanangu?"

Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

"Nimefika Voi, mama."

"Alhamdulillahi. Umechelewa kidogo."

"Mvua."

"Voi kuna mvua? Mungu mkubwa. Na mbuzi?"

"Iko salama. Niko nayo hapa."

Ndipo adhana ilipoanza. Kwa mama yangu adhana ikisomwa huongei, wala hukati simu ya mzazi wako. Basi tukanyamaza wote wawili, yeye Mambrui, mimi Voi, na mwadhini wa Muyeye akaadhini katikati yetu kwa sauti yake yote. Nilimsikia mama akiitikia polepole. Nilifunika simu kwa kiganja, nikakumbuka kwamba akiacha kuisikia adhana atajua nimefunika simu, nikafunua. Nilimwomba Mungu jambo moja dogo kuhusu kifua cha mzee yule. Akawaita watu kwenye sala. Akakohoa mara mbili. Akawaita kwenye ufanisi.

Adhana ikaisha. Mama akamaliza dua yake bila haraka.

"Mwadhini wa Voi naye ana kifua," akasema.

"Naam, mama."

"Maskini. Labda ni vumbi la huko."

"Labda."

"Angepata mtu wa kumchemshia tangawizi."

Mume wangu, aliyekuwa anapita na birika, alisimama palepale.

"Sikiliza mwanangu," mama akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mdogo wako amenipigia leo asubuhi. Ameniuliza, mama, dada ameondoka kweli? Amefua mashuka, watoto wake wanakaa barabarani wakisikiliza pikipiki. Nikamwambia ameondoka. Mimi katika umri wangu sijawahi kumdanganya mwanangu hata mmoja, na sitaki kuanza sasa hivi nikiwa mlangoni mwa kaburi."

"Mama..."

"Usiniambie kitu. Dua nimeshakuombea, na sina dua ya pili ya safari hiyohiyo. Sali alasiri yako. Kisha yaache hayo machuma yako ya sebuleni, ufunge mbuzi kwenye pikipiki."

"Ndiyo, mama."

"Na nazi."

"Na nazi."

"Haya. Na ukifika Voi mara ya pili, nipigie."