Mwosha vioo vya maabara arudi kwenye mtihani wa fizikia

Saa tisa na nusu alasiri kengele ya mwisho imeshalia, na mwanamke mwenye koti la kijivu anafuta meza ndefu ya maabara kwa kitambaa kibichi. Anapanga viti sita. Kile cha karibu na dirisha anakigeuza kidogo, ili jua lisimpige machoni atakayekikalia.

Wanafunzi wanaingia na madaftari ya kazi za nyumbani. Wao humwita Mama Vioo, kwani aliajiriwa kuosha na kutunza chupa na mirija ya maabara hii. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani kakwama leo?"

"Wote, Mama."

"Basi hakuna wa kumcheka mwenzake. Kaeni."

Binti wa kidato cha pili ambaye wenzake humwita Mrefu anasoma swali lake. Sanduku la kilo ishirini linasukumwa sakafuni kwa kani ya nyutoni hamsini. Msuguano ni nyutoni thelathini. Kasi ya sanduku inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde? Ameshagawanya hamsini kwa ishirini, akapata mbili na nusu.

Mama Vioo hamwambii kwamba amekosea. Anaburuta sanduku la chupa kutoka chini ya meza.

"Haya, lisukume."

Mrefu analisukuma. Linakwaruza sakafu na kusogea kwa shida.

"Anayesukuma ni nani?"

"Mimi."

"Na anayekukatalia?"

Binti anatazama chini. "Sakafu."

"Sasa kwenye daftari lako yuko wapi?"

"Maskini sakafu, kaonewa!" mwenzake anadakia, na meza nzima inaangua kicheko. Mrefu naye anacheka, huku akifuta. Thelathini inatolewa kwenye hamsini, inayobaki inagawanywa kwa ishirini. Jibu ni moja. Analipigia mistari miwili chini.

Mama Vioo mwenyewe hakuwahi kusoma fizikia darasani. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, mama yake alipofariki na kumwachia wadogo watatu. Somo hili amelipata akiwa amewapa wanafunzi mgongo, mikono ikiwa ndani ya maji ya sabuni.

"Mwanafunzi anamsikia mwalimu mara moja, kengele inalia, anaondoka," anasema. "Mimi nimeyasikia yaleyale mara ishirini na nne. Hata jiwe lingeelewa."

Saa hii ya alasiri ilianza kwa binti mmoja aliyekuwa akilia peke yake maabarani, daftari mbele yake. Mama Vioo alimwacha alie kwanza, akamletea maji ya kunawa uso, ndipo akamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nionyeshe unapokwama." Kesho yake binti alirudi na rafiki yake.

Mwaka juzi mkaguzi wa elimu alipita. Aliwakuta wamekusanyika mezani hapa, akauliza mama huyu ana cheti gani. Hakuwa nacho. Kanuni inasema asiye na cheti cha somo asiwasaidie wanafunzi somo hilo.

Mkuu wa shule alimwombea muda ili afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mpaka sasa mwalimu wa fizikia hukaa pembeni akisahihisha madaftari, kanuni isivunjwe. Lakini mwalimu huyo ana wanafunzi mia mbili na arobaini, na muhula ujao amepangiwa vipindi vya alasiri. Mama Vioo asipofaulu, chumba hiki kitafungwa kengele ya mwisho ikilia.

Mwaka jana alifanya mtihani akapata alama thelathini na moja. Zilihitajika arobaini.

"Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu," anasema. "Mdogo wangu akaja kunitania, 'Dada, unagombea dawati na wajukuu?' Akaniona sicheki. Akaniinamia, akanivua viatu."

Mwalimu wa fizikia hakuelewa ilikuwaje. Alimpa karatasi ileile aifanye tena mbele yake. Majibu karibu yote yalikuwa sahihi, ila kila swali lilikuwa na namba moja tu chini yake. Hakukuwa na mchoro, kanuni wala hatua.

"Yeye anaona jibu kama anavyoona chupa chafu," anasema mwalimu. "Lakini msahihishaji hawezi kutoa alama kwa kilichobaki kichwani."

Kwa hiyo kila siku, kazi za wanafunzi zikiisha, Mama Vioo anahamia kiti cha dirishani na madaftari yanafungwa. Sasa anayeuliza ni Mrefu. Leo amemwandikia swali la jiwe linalodondoshwa kutoka ghorofani, likachukua sekunde mbili kufika chini. Ghorofa ina urefu gani?

"Mita ishirini," anajibu Mama Vioo kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Mama, kujua umejua. Tuonyeshe umejuaje."

"Si unaliona lenyewe linavyoanguka!"

"Msahihishaji halioni."

Anashusha pumzi. Anachora mstari, kisha mshale. Herufi zake ni kubwa. Anaandika kanuni, anasita, anatazama nyuso za wanafunzi. Hakuna anayemwambia kinachofuata, ingawa wote wanakijua. Dakika nne zinapita kabla hajafika mita ishirini tena, safari hii kwa hatua tano.

Mtihani wake ni Jumatatu ijayo. Anaogopa, wala hafichi. Anapoulizwa atafanya nini akifaulu, anasema barua ya kwanza itakwenda kwa mkaguzi.

"Watu wanadhani namchukia. Siku ile aliingia akasimama pale mlangoni, mtoto mmoja akiwa katikati ya swali. Angeweza kunisimamisha palepale. Hakufanya hivyo. Alingoja mtoto amalize, ndipo akaniita nje, akaniambia kwa upole habari ya cheti."

Anakunja koti lake na kulilaza juu ya meza.

"Nitamwandikia aje tena, alasiri hivihivi. Nitamwekea kiti. Ila naye aje na swali."