Kashata za Pua ya Ndege

Juzi mwanangu alinijia hapa kwangu Munje na mgeni, bila ya kuniarifu, nami nimekaa chini napepeta mchele, kanga imeniteleza kichwani. Mgeni mwenyewe ni mzungu, mtu mzima, miguu imemwiva kwa jua. Akanambia, "Shikamoo, mama," kwa kuwa mwanangu alimfundisha njiani kwenye tuktuk, nami sikujua niitikie nini maana mtu yule si ajabu amenizidi umri. Nikamwambia karibu. Kumbe alichokuja kukitafuta ni chombo cha marehemu nyanya yangu cha kumwagia kashata.

Hapo ndipo hasira yangu ya zamani iliponiinukia. Nilidhani ilikwisha kufa.

Mwanangu huyu ni bawabu wa hoteli moja kule Diani. Amemwona mgeni siku nyingi amekaa barazani anagundisha kindege cha plastiki, mfano wa eropleni, kajiinamia kama mtu anayechambua dagaa. Siku moja mgeni akamwonyesha mfuko wenye bamba jeupe la plastiki lenye vinundu vinundu. Mwanangu akacheka, akasema, hicho kwetu kipo, sisi tumekulia kashata zake. Mgeni nusura ameze gundi. Ndiyo wakaja.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, na ukiona nazunguka nivumilie. Mimi niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema, na kwa nini niliishia darasa la nne utaona.

Nyanya yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mstaafu, huko huko Diani, siku ambazo Diani ilikuwa msitu na nyumba za kuhesabika. Mama aliolewa mara ya pili Mkongani, akaniacha kwa nyanya, tukaishi chumba cha uani nyuma ya jikoni. Chumba kilikuwa kidogo, lakini asubuhi kilinukia mkate, na jua likipanda kilinukia gundi. Gundi ya bwana. Harufu ile ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, ikikupanda puani unasikia kichwa chepesi. Nyanya alikuwa akisema ndiyo iliyomfanya bwana asicheke.

Bwana alikuwa na kazi moja tu, kuunda vindege. Vilining'inia kwa nyuzi za mshipi sebuleni kote, na upepo ukiingia vinageuka vyote upande mmoja kama kuku waliosikia mwewe. Tumbili waliingia siku moja wakachukua kimoja pamoja na mkate. Mkate walikula, kindege wakakitupa juu ya paa, na bwana alilia. Nasema alilia, nimemwona kwa macho yangu. Wakati mwingine aliniita nimwekee maji kwenye sahani, akatumbukiza vijikaratasi, picha zikajivua kwenye karatasi zikaelea, akaziteleza kwenye bawa kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nabana pumzi nisije nikazipeperusha. Siwezi kusema hakuwa na wema. Lakini wema wake ulikuwa wa kimya, na ukali wake vile vile, na mtu asiyesema ni shida kuishi naye.

Vile vindege vilikuja ndani ya maboksi yenye picha. Lakini kulikuwa na ndege moja aliyoirusha yeye mwenyewe vitani alipokuwa kijana, na ndege ile haikuuzwa kwenye boksi. Zilizouzwa ni za namna nyingine, ndugu zake. Kwa hiyo ukitaka ile, unanunua ndugu yake, kisha unaagiza Ulaya mfuko wa vipande vya kugeuzia: pua nyingine, vifuniko vya injini vingine, mkia mwingine. Unakata pua ya kiwandani unatia ya mfuko. Bwana aliusubiri mfuko ule tangu vuli hata masika, kila akirudi kutoka posta mikono mitupu anakunywa.

Ukaja. Ndani si vipande, ni bamba moja jeupe, jembamba, lenye mashimo yaliyofinyangwa upande mmoja na vinundu upande wa pili. Nusu ya kulia ya pua, nusu ya kushoto ya pua, na vingine, vya kukatwa kimoja kimoja. Mtu asiyejua angesema ni trei ya biskuti. Na trei za biskuti ndizo bwana alizokuwa akimpa nyanya kila Krismasi, nyeupe vile vile, zenye mashimo vile vile, anasema, "Chukua," nyanya anafurahi, anamwagia kashata zake.

Siku ile bwana akaingia jikoni na bamba mkononi. Akaliweka kwenye karai la vyombo. Akasema, "Osha hii." Basi. Maneno mawili. Akavaa kofia akaenda zake hotelini.

Nilikuwepo. Nilikuwa nakuna nazi, nimekalia mbuzi, machicha yamenijaa mapajani. Kesho yake ilikuwa maulidi, na nyanya ametoa sukari na iliki. Akaliosha bamba kwa sabuni na kitambaa laini, kila shimo, akalifuta, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Leo bwana amenikumbuka hata si Krismasi." Sasa niambie wewe uliyekulia kwetu: chombo ukipewa jikoni, ukaambiwa uoshe kwa sabuni, kitakuwa cha nini? Cha kulia. Kwetu hakioshwi kitu kwenye karai la vyombo ila ni cha kulia.

Sukari iliposhika, nazi imekolea, iliki inanukia mpaka barabarani, akamwaga. Bamba likalia, tii, likajikunja kidogo upande. Nyanya akastuka, akasema plastiki za siku hizi. Zilipopoa akazibandua, na moja ilikuwa pua ya ndege, nusu, nyeupe, laini kama sabuni mpya. Akanipa. Nikaila. Sitakudanganya, ilikuwa kashata nzuri kuliko zote nilizokula.

Bwana akarudi. Akaliona bamba limepinda, lina sukari ya kahawia pembezoni. Hakupiga kelele. Akauliza, "Nani alifanya?"

Nyanya akasema, "Ni mimi, bwana. Ulinambia nioshe."

"Mimi hapana sema pika."

"Ulinambia nioshe, nikaosha. Chombo kikishaoshwa si..."

"Imeharibika. Wewe toka."

Nyanya alidhani anatoka jikoni. Ikawa anatoka kazini, na chumbani, na Diani. Mwanamke aliyempikia mtu yule tangu mimi sijazaliwa, akamuuguza malaria akimkanda kwa maji ya majani, alitolewa jioni ile na sanduku la bati, na mjukuu, na kuku wawili wamefungwa miguu. Bamba lilikuwa limetupwa shimo la taka. Nyanya akainama akalitoa, akalifuta kwa upindo wa kanga. Cha taka alikuwa na ruhusa nacho siku zote.

Tukaja hapa Munje kwa ndugu zake. Shule ikaishia hapo, maana aliyekuwa akinisomesha ni mshahara wa jikoni ile. Nyanya akawa anakaa na sinia karibu na hospitali pale Msambweni, anauza kashata. Alijifunza kuiacha sukari ipoe kwanza na kulipaka bamba mafuta ya nazi, na halikupinda tena. Watoto wakaziita kashata ndege. Ukinunua nusu ya kulia ya pua, lazima umtafute mwenzio mwenye nusu ya kushoto, mziunganishe, ndipo mle. Kuna watu hapa walioana kwa kashata zile. Na kila pua ilikuwa imepinda kidogo, kama ya mtu mwenye mafua, kwa sababu ya ile sukari ya moto ya siku ya kwanza.

Lakini uchungu wa nyanya haukuwa umasikini. Umasikini tulikuwa tunaujua. Uchungu ulikuwa kwamba hakuna aliyemsadiki. Habari ilisambaa kwamba amefukuzwa kwa kuharibu vitu vya bwana makusudi. Wengine walisema kwa wizi. Akisema, "Aliniambia nioshe," watu wanatazamana. Mama yangu mzazi, alipokuja kutuona, alimwambia mbele yangu, "Mama nawe, nani aoshe kitu cha kuchezea kwa sabuni? Sema ulisahau, yaishe." Nyanya akaendelea kusema vile vile mpaka alipokuwa hajui tena siku wala jina langu. Anatazama ukuta anasema, "Aliniambia nioshe."

Haya. Turudi kwa mgeni wangu.

Nikamtolea bamba, limefungwa kwenye kipande cha doti ya nyanya, nikarudi kwenye ungo wangu. Akalishika kwa vidole vya mikono yote miwili. Mwanangu akawa anatafsiri: mama, anasema hizi hazipatikani tena, aliyezitengeneza alikuwa mtu mmoja tu, nyumbani kwake, na amekufa. Nikasema nyanya naye alikuwa mmoja, mtafsirie. Hakumtafsiria.

Kisha nikauliza swali ambalo sikuwahi kupata wa kumuuliza. Nikamwambia mwanangu, muulize, mtu akipata bamba kama hili, la kwanza analifanyaje? Alikate?

Mgeni akatikisa kichwa kama mwalimu. Mwanangu akasema, "Anasema hapana, mama. Kwanza unaliosha. Kwa maji na sabuni. Linakuja na mafuta ya mashine, usipoliosha gundi haishiki wala rangi. Kila mtu wa kazi hii anajua."

Nikaweka ungo chini.

Kila mtu wa kazi hii anajua. Kumbe ilikuwa jambo la sentensi moja. Angesema tu, osha, ina mafuta, ni ya ndege yangu, usiguse baadaye. Nyanya alijua Kiswahili, yule bwana ndiye aliyekuwa hakijui, na miaka yote aliyokaa pwani hii hakuona haja ya kukijua zaidi ya osha, leta, toka. Na watu wangu mwenyewe waliomwona nyanya mwongo, wote wako makaburini sasa, sina wa kumwendea mlangoni nikamwambia. Hilo ndilo linaloniunguza. Nimepata ushahidi na mahakama imefungwa.

Ile nyumba ya Diani siku hizi ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, hata paa hulioni. Chumba cha uani walikivunja. Karibu na hospitali hakuna tena mwenye sinia, watoto wananunua peremende za karatasi, na mimi bega hili haliniruhusu kusonga sukari. Ukisema kashata ndege, kijana anadhani unamtania.

Mgeni alikuwa amelinusa bamba, linanukia iliki hadi leo. Akaona ule mpindo na zile alama za kahawia, uso ukamshuka. Akanong'ona na mwanangu.

"Mama," mwanangu akasema, "anasema limeharibika kidogo, lakini si neno, atalichukua tu. Anasema ukimpa, ataliosha."

Nikanyoosha mkono, nikalichukua bamba langu, nikalifunga kwenye doti.

"Mwambie," nikasema, "limeshaoshwa."