Kulipa Deni la Matanga

Nilipoamua kununua nyumba, nilikuwa nimepanga chumba Kianda, mtaani Kibera, kwa miaka tisa, na kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba alinigongea kabla sijanawa uso. Nilikuwa seremala. Kibanda changu kilikuwa Laini Saba, kando ya reli, na humo nilitengeneza vitanda vya watu wengine na milango ya nyumba za watu wengine. Siwezi kusema jambo hilo liliniuma kila siku. Liliniuma mwisho wa mwezi.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa vyumba viwili vya udongo vyenye paa la mabati, Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Vilisimama kwenye shamba la mama mmoja mjane ambaye niliwahi kumtengenezea kabati. Alikuwa akikata vipande vya shamba na kuuza polepole, kwa kuchagua watu. Bei yake ilikuwa shilingi elfu nne, zote kwa mkupuo. Kabla sijamaliza chai yake aliniuliza, "Fundi, uko na deni ya watu?"

Nikacheka. "Nani hana deni, mama?"

"Mimi sina. Na sitaki mtu wa deni kwa shamba yangu."

Mnunuzi wake wa kwanza, alinieleza, alikuwa na madeni kila kona, na siku moja wenye kumdai walikuja na ngazi wakang'oa mabati mchana kweupe, watoto wakiwa ndani. Tangu siku hiyo aliweka sharti. Ukienda kulipa, unakwenda na mzee mmoja wa watu wenu, naye anasema mbele yake kwamba hakuna anayekudai.

Sharti lilinipendeza. Napenda vitu vilivyonyooka. Hata leo nikiingia kwa mtu natazama kwanza kama mlango umekaa sawa, ndipo nasalimia. Nilichukua ubao, nikaandika kwa penseli kila aliyenidai: mwenye duka aliyetuandikia unga na mafuta ya taa, mwenye mbao, jirani aliyenikopesha karo ya mtoto, na kanisa nililoahidi pesa za harambee nikiwa nimezidiwa na nyimbo. Kila nilipomaliza deni moja, nilipitisha randa juu ya jina lake.

Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kulipa madeni hayo na kuweka akiba posta. Tulikunywa chai ya rangi. Nyama ilikuwa ya Krismasi. Mke wangu aliuza sukuma wiki mlangoni, na faida yake niliichukua yote. Watoto walijua kwamba kuomba pesa ya andazi ni kujitafutia maneno. Nilikuwa bahili, na ukweli ni kwamba nilifurahia. Mtu anayeona jambo lake likisonga mbele hasikii njaa ya wenzake.

Ubao ulipokuwa mweupe, nilikwenda kwa mzee aliyekuwa mweka hazina wa chama cha watu wa kwetu, sisi tuliotoka mkoa wa Magharibi tukaishi Kibera. Nilitaka awe shahidi wangu.

"Utamwambia yule mama kwamba sina deni?"

"Deni huna," akasema. "Iko tu ile ya matanga ya baba yako. Lakini hiyo ni maneno ya watu, haiishi."

Baba alikuwa amefia Nairobi miaka mitano kabla ya hapo, na chama ndicho kilichochanga pesa za kumsafirisha nyumbani. Kila aliyetoa aliandikwa kwenye daftari: jina, kiasi, na jina la aliyefiwa. Akifiwa yeye, nawe unampelekea kiasi kilekile au zaidi. Hakuna aliyeliita deni, wala hakuna aliyesahau. Nilikuwa nimewarudishia wale waliofiwa baadaye. Walibaki kumi na tisa ambao bado walikuwa hawajafiwa.

Nikamwona mawazoni mzee yule akisimama Kawangware na kumwambia mama mwenye shamba kwamba nina deni lisiloisha. Nikaomba daftari, nikanakili majina yote kumi na tisa, nikaenda posta kutoa pesa na kuzitia kwenye bahasha.

Mke wangu alinitazama nikiandika majina. "Baba watoto, hiyo pesa hairudishwi hivyo. Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Unajua inangoja nini."

Nilijua. Lakini niliona ni ushamba kungoja mtu afe ndipo ulipe unachodaiwa. Jumapili baada ya kanisa nikaanza kuzunguka na bahasha zangu.

Wa kwanza alikuwa mwashi, mtu mpole. Aliifungua bahasha, akahesabu. "Ya nini hii?"

"Ile ya matanga ya baba."

"Nani amekufa kwangu?"

"Hakuna."

"Sasa unanilipia nani?"

Mkewe aliwashika watoto mikono akawaingiza ndani. Niliweka bahasha mezani nikaondoka nikijiambia kwamba watu hawa hawajui hesabu. Wengine walipokea kwa vidole viwili. Mmoja hakunifungulia mlango, nikaisukuma bahasha kwa chini. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza wote. Mweka hazina alichukua rula, akalikata jina langu kwa mstari. "Sasa kweli huna deni," akasema. Nikamshukuru kwa moyo wote. Tukakubaliana kwenda Kawangware mwisho wa mwezi uliofuata, kwa kuwa bahasha zile zilikuwa zimenipunguzia akiba na sikutaka kwenda na pesa pungufu.

Mama yangu alikuwa amekuja kwangu Nairobi kutibiwa kifua. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alilazwa hospitalini, na Jumanne akafariki.

Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Jeneza nililitengeneza mwenyewe. Desturi yetu ni kwamba watu hukusanyika kwa mfiwa kila jioni, wanaimba, wanachanga, mpaka pesa za safari zitimie. Nilipanga mabenchi nje ya chumba. Jumatano walikuja akina mama wa kanisa na unga na majani ya chai. Alhamisi walikuja haohao. Ijumaa mchana nilikwenda kwa mweka hazina.

Alinikaribisha, akanipa chai ya maziwa, akanipa pole ndefu ya kweli.

"Mzee, mbona watu hawaji?"

"Watakuja kukupa mkono." Alizungusha kikombe chake. "Lakini kuchanga, waanzie wapi? Uliwalipa wote, kijana wangu. Hawakudai kitu tena, na wewe huwadai kitu."

Hakusema kwa chuki. Ningefurahi kama angesema kwa chuki, nipate mtu wa kumkasirikia. Niliona aibu, nikaimaliza chai yake kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Pesa za Kawangware zililipa hospitali, zikakodi gari la mizigo, zikanunua ng'ombe na chakula cha watu waliojaa nyumbani kijijini. Mama alizikwa vizuri. Baada ya wiki tatu nilirudi Nairobi na shilingi mia nane.

Nilikwenda kwa yule mama mwenye shamba nikamweleza yote, bahasha na majina yote kumi na tisa. Nilimwomba anisubiri mwaka mmoja. Akasema hawezi, kuna mtu mwingine tayari, ana pesa yote na hana deni. Nilimwelewa. Nilipoinuka kuondoka aliniambia ningoje. Alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa shilingi ishirini.

"Ya mama yako."

Nikamwambia nitamrudishia siku atakapofiwa. Akasema yeye hajui mambo hayo, nichukue tu. Nilichukua. Katika Nairobi yote, hiyo ndiyo pesa pekee niliyopewa ya kumzika mama.