Makombe ya Upande wa Pili

Kaka yangu alikuwa mvuvi wa Msasani kabla hajawa mtu wa kuwapeleka Wazungu visiwani. Kazi hiyo hakuitafuta. Baada ya vita vikuu vya pili nyumba za Wazungu ziliongezeka karibu na kwetu, na wake zao walipochoka kukaa barazani walishuka ufukweni wakitembea huku wametazama chini, kama watu waliopoteza pete. Kumbe walikuwa wakiokota makombe. Yalipokwisha ya ufukwe wa karibu, wakataka ya Bongoyo. Yalipopungua ya Bongoyo, wakataka ya mbali zaidi. Kaka alikuwa na mashua nzuri na alijua ni miamba gani inayobaki wazi maji yanapokupwa sana. Wakamzoea, wakaanza kuambizana.

Mie nilikuwa nimeachika, nimerudi kukaa kwake, na niliingia kwenye safari hizo kama mpishi. Nilichukua jiko la mkaa, sufuria, mchele na birika la kahawa. Wifi yangu, mke wa kaka, alinicheka alfajiri ya kwanza niliyotoka.

"Haya, mpishi wa serikali! Chumvi usiwatilie, watakudai daktari."

"Wewe unayetia chumvi, kaka kakonda."

"Kakonda kwa ajili ya dada yake, anakula kama baharia."

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Tuliondoka maji yakiwa yamejaa ili mashua isikwame, tukafika kisiwani kabla hayajatoka yote. Kaka aliwatangulia wageni mwambani na fimbo, akigeuza mawe, akiwaonya wasishike kwa mkono makombe yale membamba yenye ncha, kwa sababu mdudu aliyemo hudunga na sumu yake ni kali. Walipenda kauri zinazong'aa, hasa zile kubwa zenye madoa tunazoziita dondo. Walichukua pia makombe meupe makubwa, hata yaliyopauka kwa jua. Hayo hawakuyaweka kabatini. Waliyapanga kuzunguka maua yao bustanini, safu kwa safu, na kaka alipoyaona mara ya kwanza alirudi nyumbani akasema, "Bustani zao zinafanana na makaburi yetu." Wifi yangu hakucheka. Aliinuka akaenda kuota moto jikoni, ingawa haikuwa siku ya baridi.

Kisiwa cha mwisho tulichokuwa tukikiendea, sie tulikiita Kisiwa cha Nje. Kilikuwa na fukwe mbili, mmoja unatazama bara na wa pili unatazama bahari kuu. Kwenye huo wa pili alikuwa amezikwa mtoto wa kaka.

Hilo lilitokea zamani kidogo, kabla ya habari za Wazungu. Wavuvi walikuwa wamepiga dago huko, yaani wameweka kambi ya kuvua na kulala, na baadhi walikwenda na wake zao ili wawaanikie samaki. Wifi alikwenda na binti yake mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kusema "sitaki" na akalisema kwa kila kitu. Mtoto akapata homa. Bahari ilikuwa imechafuka, hakuna chombo kilichothubutu kuvuka. Alipofariki wakamzika palepale, kwa sanda iliyokatwa kwenye kitambaa cha amerikani kilichokuwa akiba ya tanga. Kwetu makaburi hutandazwa changarawe nyeupe. Pale changarawe haikuwepo, basi wifi akaokota makombe, mazuri kuliko yote aliyoyaona, akayatandaza juu ya mwanawe na kuyazungushia pembeni.

Picha ya mtoto hakuwa nayo. Nani kwetu alikuwa na picha? Nguo zake zilikwisha kugawiwa. Alichobaki nacho wifi yangu ni mahali. Kila mwaka kabla ya Ramadhani kaka alimpeleka, akakaa kidogo, akarudi.

Kwa hiyo kaka aliposema wageni wanataka Kisiwa cha Nje, wifi aliuliza mara moja.

"Utawashusha wapi?"

"Upande wa bara. Upande wa pili nimewaambia kuna nyoka."

"Na wasipoogopa nyoka?"

"Mzungu haogopi simba, mama. Nyoka anamwogopa."

Maneno hayo yaliwazuia kwa msimu mmoja. Msimu uliofuata tulimpeleka bwana mmoja mrefu na mkewe. Mke alikuwa mtu wa taratibu, anaokota kimoja anakitazama. Mume alikuwa hatulii. Nilikuwa nikipakua wali tulipomwona anatokea kwenye ncha ya kisiwa, suruali kaikunja, kofia kaishika kama bakuli, na kwapani kombe kubwa jeupe.

"Wewe nasema nyoka!" alimwambia kaka kwa Kiswahili chao kile. "Nyoka hapana. Makombe mingi! Napangwa mzuri sana!"

Baharia wa kaka, mtu wa Kunduchi mwenye mdomo usiopumzika, akadakia, "Basi bwana, nyoka wenyewe ndio waliopanga," akacheka. Halafu akamwona kaka usoni, akakatiza kicheko.

Kaka aliweka kikombe chini. "Bwana, rudisha."

"Ya nani?"

"Ya mwanangu. Yuko chini yake."

Bwana hakuelewa. Alitazama ndani ya kofia, akamtazama kaka. Mkewe alielewa kabla yake. Aliinuka, akamnyang'anya kofia, akatembea peke yake kuelekea kule, nami nikamfuata na kombe kubwa. Alipiga magoti akarudisha dondo moja moja. Aliziweka zimelala chali, midomo juu. Nikamwacha amalize, alipoondoka nikazigeuza. Alilia njia nzima mpaka mashuani, akirudia "pole, pole sana," na sikuona uongo wowote katika kilio chake.

Usiku kaka alimweleza mkewe yote. Wifi akasema, "Si kitu. Angalau sasa wanajua." Nadhani hata alipata nafuu.

Memsahibu yule alikwenda kuwasimulia wenzake, na kwa nia njema. Wageni waliofuata, kabla nanga haijang'olewa, walimuuliza kaka kama wanakwenda kwenye kile kisiwa chenye kaburi la mtoto. Kaka alisema ndiyo. Angesemaje? Walipofika hawakwenda mwambani kwanza. Walikwenda upande wa pili, wakavua kofia, wakasimama. Hakuna aliyechukua kitu. Kinyume chake, waliongeza. Kila mgeni aliacha kombe lake, na mama mmoja alileta maua ndani ya kopo la jamu. Walipiga picha. Kaburi likazidi kunenepa. Hawakujua kwamba kombe lililotoka mwambani asubuhi lina mdudu hai ndani, akifa huoza, na safari iliyofuata tulikuta harufu na mainzi juu ya mtoto. Kaka aliyachambua yale yaliyooza kwa mikono yake, akayatupa, akajiosha, akaenda kuwapokea wageni wengine waliokuja kusimama palepale.

Wifi aliona kaka anavyorudi kutoka huko. Jioni moja, tukitwanga, aliniuliza.

"Wifi, niambie kweli. Wakifika huko wanafanya nini?"

"Wanasimama."

"Wanamtazama?"

"Wanamtazama."

"Wanasema nini?"

"Wanasema pole."

"Wanamwambia nani?"

Nilimimina mpunga mwingine kinuni. Wifi alitwanga mara chache, akaacha mchi ndani ya kinu. Kaka alipoingia hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Mwanangu amekuwa tamasha la watu. Wazuie."

"Nikiwazuia mie watakwenda na wengine. Kunduchi kote sasa wanaijua njia."

"Basi mfiche."

"Nimfiche vipi?"

"Wewe ndiye unayejua kisiwa. Mfiche wasimwone."

Ndivyo alivyosema, na kaka aliyatii maneno yake kama yalivyo.

Tulikwenda bila wageni, kaka, baharia wake na mie. Kaka alisoma Fatiha, kisha akayaondoa makombe yote, ya wifi na ya wageni, akayajaza makapuni, akayamwaga penye kina. Kopo la maua likafuata. Baada ya hapo alichukua kuti la mnazi, akafagia mchanga mpaka ukalingana na mwingine. Yule baharia, aliyekuwa hajatania tangu tuondoke, alisema, "Kaka, acha hata kijiti kimoja."

"Kijiti ndicho kitakachowaita."

"Utapajuaje?"

"Ninavyojua pengine popote."

Akapanda mashuani, akaisogeza mbele ya ufukwe, akasimama wima. Alifanya lile ambalo kila mvuvi wa kwetu hulifanya anapogundua mwamba wenye samaki: anatafuta vitu viwili nchi kavu, kimoja mbele na kingine nyuma, na wakati kimoja kinaposimama juu ya mwenzake anajua yuko kwenye mstari wake. Mti wa mvinje mrefu uliokuwa nyuma uliingia juu ya jiwe jeusi la mbele. Katika mstari huo, juu kidogo ya pale maji makuu yanapofika, ndipo alipolala mtoto. Kaka aliitazama alama hiyo kwa muda, mdomo ukichezacheza kama anayehifadhi aya.

"Sijawahi kukosa mwamba," alisema.

Ilikuwa kweli. Usiku wa giza au asubuhi ya ukungu, mshipi wake wa kuvulia uliangukia penye samaki. Lakini mwamba ni mkubwa kama msikiti na ua wake. Kaburi la mtoto yule lilikuwa dogo kuliko mkeka wa kuswalia. Hilo hatukulifikiria, hata mmoja wetu, kwa sababu hatukuwahi kutafuta kitu kidogo hivyo kwa njia hiyo.

Wageni waliambiwa bahari imelichukua kaburi. Wakasikitika, wakaenda mwambani kuokota. Wifi alipoambiwa makombe yake yamemwagwa alifunga macho, akasema, "Wewe unapajua?"

"Napajua."

"Basi yatosha."

Upepo wa kusi wa mwaka ule ulikuwa mkali. Safari zilisimama. Ramadhani ilipokaribia bahari ikatulia, tukaondoka sote, wifi amevaa kanga safi, ubani ameufunga kwenye pindo.

Kaka aliona kabla yetu. Ukingo wa mchanga ulikuwa umekatwa na mawimbi sehemu, na sehemu nyingine umeongezwa. Jiwe jeusi lilibaki kichwa tu, sehemu yake kubwa imefukiwa. Mvinje ulikuwepo. Alitushusha ufukweni mie na wifi, yeye akabaki na baharia mashuani ili aipate alama kutoka baharini, kama alivyoichukua.

"Nenda mbele!" alimpigia kelele mkewe. "Simama! Sasa kushoto. Kidogo. Hapo!"

Wifi akasimama. Akafungua pindo la kanga.

"Hapana, ngoja! Rudi kulia!"

Mashua ilikuwa ikicheza kwenye nanga. Kila ilipogeuka, mvinje ulitoka juu ya jiwe ukaenda pembeni, na kila ulipotoka, mtoto alihama. Baharia alishindilia upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kwenye mchanga wa chini ili kuitia mashua utulivu, akijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wifi alikwenda kushoto, akarudi, akapanda juu, akashuka. Kaka aliendelea kuita. Sauti yake ilianza kupasuka.

"Hapo! Hapohapo... si hapo. Songa nyuma!"

Wifi hakusonga. Alitazama miguu yake, na nyayo zake zilizokuwa zimejaa pande zote alikopita. Kisha akanigeukia.

"Wifi," aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimemkanyaga?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno.

Hakuweza tena kunyanyua mguu. Alisimama palepale, mikono kwenye mapaja, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu hai mbele yake. Kaka alijitupa majini, akaja mbio mpaka penye mchanga ulioloa, na hapo naye akasimama. Kati yake na mkewe palikuwa na ufukwe mtupu uliolingana, na hakujua aweke wapi unyayo. Wakatazamana hivyo. Mwishowe alipiga magoti, akaenda kwa mikono na magoti kwa kufuata nyayo alizokwisha kuziacha mkewe, ili asikanyage mahali papya. Alipomfikia akambeba mgongoni, akarudi naye kwenye nyayo zilezile. Ubani haukuchomwa.

Tangu hapo kaka hakuwashusha wageni kwenye kisiwa kile, upande wowote, na kwa kuwa ndicho walichokitaka, wakamwacha. Akarudi kuvua. Mashua za wengine ziliendelea kwenda, na upande wa pili ukawa ndio wageni wanaoupenda zaidi, maana mvinje una kivuli. Kutoka kwenye miamba anayovua aliweza kuona kitambaa cheupe walichotandika kulia chakula. Mara nyingi baharia wake alimkuta ameacha mshipi, amesimama wima, anajaribu kuuingiza mvinje juu ya jiwe.

Wifi alimsubiri mlangoni akirudi, hata samaki hawatazami.

"Leo wamekaa wapi?"

"Mbali naye," kaka alimjibu kila mara, akaingia ndani kunawa.