Taarifa ya Msiba Kwenye Spika ya Harusi

Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Manyunyu alfajiri, kisha jua, na upepo wa kusi kutwa nzima ukivuta mitandio ya watu.

Naandika haya uso ungali unaniwaka, na sijui kama nitapita tena karibu na bustani ile bila kujifunika, lakini bora niyaeleze mwenyewe kuliko yawafikie yakiwa yameota mikia, maana nimeambiwa huku Mishomoroni wako tayari wanaosema nilikwenda harusini na jeneza. Jeneza sikwenda nalo. Nilikwenda na redio.

Kwa wasioijua, redio yenyewe ni kisanduku cha kutia mkobani, betri yake ndogo, nguvu zake haba kuliko taa ya chumbani, na si ya kusikilizia taarifa ya habari bali ya kuongea: unaita, na aliye mbali akikusikia hukujibu. Marehemu mume wangu, Bakari, aliupenda mno mchezo huo (ni mchezo, hakuna anayelipwa), na kila Jumapili tulikuwa tukienda bustanini sisi wawili, yeye anarusha kamba yenye jiwe juu ya mti wa mvinje, anapandisha waya, anaita, na mimi namenya machungwa. Kibali tulikata sote, yeye akifaulu mtihani mara ya kwanza na mimi mara ya pili, na hata hiyo ya pili nashuku msahihishaji alinihurumia.

Katika wote aliokuwa akizungumza nao, mmoja alikuwa kama nduguye, Mzee Faki wa Pemba. Hawakupata kuonana hata siku moja. Kila Jumapili kabla ya adhuhuri walikutana hewani mahali pale pale, wakaulizana hali, bei ya samaki na magoti yao. Kisha mwaka juzi Bakari akaanguka ferini, upande wa Likoni, kabla hajavuka kurudi nyumbani, akafia pale pale, na simu yake ikapotea siku hiyo (sisemi iliibwa, pengine ilidondoka majini), na nambari ya Mzee Faki ikapotea nayo. Watu wote wa Bakari walipata taarifa ya msiba isipokuwa huyo. Wenzetu wa redio niliowaomba wamtafute waliahidi, na sina sababu ya kudhani hawakujaribu.

Jambo hilo limemkaa kifuani mavyaa yangu, Bi Zuhura, mamake Bakari, ninayeishi naye. Husema, "Mwanangu ana rafiki asiyejua kuwa hayuko. Mtu yule bado anamngoja." Na kila Jumapili nikirudi na mkoba wangu huniuliza neno moja tu, "Kajibu?" Nami humjibu bado.

Basi leo nilipofika bustanini nikakuta hema, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, masufuria yako jikoni yanafuka, na nguzo mbili za chuma zimesimamishwa, spika juu yake. Ilikuwa karamu ya harusi, nikah imeshafungwa Alhamisi, wanamngoja tu bwana harusi na watu wake wavuke kutoka Likoni. Nikajiambia nirudi nyumbani, halafu nikajiambia bustani ni ya umma, halafu nikamkumbuka Bi Zuhura mlangoni. Nikabaki.

Nikarusha jiwe langu juu ya mvinje. Likarudi. Nikarusha tena, likarudi kwa upande mwingine kabisa, karibu na mpishi wa pilau aliyekuwa akikoroga.

"Mama," akasema bila kuacha mwiko, "kama hukualikwa sema tu, tutakupa sahani. Mawe ya nini?"

Nikaona haya, na katika zile haya nikakata uamuzi ambao wakati ule niliuona mdogo: nikaacha mti, nikaufunga mwisho wa waya wangu kwenye nguzo ya spika. Ruhusa niliomba, naapa. Fundi wa spika alinijibu, "Funga tu, mama, nguzo hailiwi na waya," kwa hiyo yeye hana lawama. Lawama ni yangu, kwa kuwa niliona pia itapendeza waya wangu uende sambamba na wa spika, nikazifunga nyaya zote mbili pamoja kwa uzi, mtu asije akajikwaa. Nadhifu kabisa. (Mtihanini tuliulizwa juu ya jambo hilo hilo, na nadhani ndilo lililoniangusha ile mara ya kwanza.)

Nikaenda kukaa nyuma ya ua wa michongoma, nikavaa vile visikilizio vikubwa vya kuziba masikio juu ya mtandio, nikaita. Kimya. Ule mvumo tu, kama mafuta ya mahamri yakiwa motoni. Nikaita tena na tena, na kila nilipoachia kitufe nilisikiliza kwa namna ambayo sijui kama mtanielewa, ni kama kubisha hodi nyumba ambayo unaona taa yake. Mwishowe nikakumbuka alilonishauri Bi Zuhura, kwamba labda yule mzee anasikia ila chombo chake ndicho kibovu, basi nimpe taarifa tu, ajibu asijibu. Nikabonyeza, nikamwamkia kwa jina, nikasema polepole kama inavyopasa:

"Nina taarifa ya msiba. Mume wangu hatunaye tena. Alianguka ferini, upande wa Likoni, kabla hajavuka. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukwambia."

Nisichokijua ni kwamba ule waya wangu, uliomlalia mwenzake, ulikuwa ukiinong'oneza spika kila ninachosema. Nilipokuwa nikimwamkia Mzee Faki muziki ulikuwa juu, hakuna aliyelisikia jina. Fundi akasikia sauti ngeni, akazima muziki ajue ni nini, na hapo ndipo yakatoka maneno ya msiba, safi, kwa sauti ya mwanamke, juu ya hema lenye watu wanaomngoja kijana wa Likoni aliyechelewa na ambaye simu yake haishiki.

Mimi sikusikia kitu. Kupitia kwenye michongoma niliwaona wanawake wakiinuka, mikono kichwani, vinywa wazi, nikadhani bwana harusi amefika na vile ni vigelegele, nikafurahi nao kidogo. Na kwa kuwa kanuni ya redio ni kurudia ujumbe ili usipotee, nikabonyeza tena.

"Narudia. Mume wangu hatunaye tena."

Kisha nikaona waya wangu unatikisika. Mwanamke mmoja mnene, aliyevaa gauni la dirac la kijani, alikuwa akiufuata kwa mikono kutoka kwenye nguzo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani, mpaka akanifikia. Akanivua visikilizio mwenyewe.

"Mimi shangazi wa bibi harusi," akasema. "Wewe ndiwe mkewe?"

"Mke wa nani?"

"Wa Salim. Wa huko Likoni."

"Mume wangu ni Bakari," nikasema. "Amefariki."

"Leo?"

"Mwaka juzi."

Akanitazama mimi, akakitazama kisanduku. "Mwaka juzi," akasema, "na sisi tumeanza kulia leo."

Akanishika mkono. Hemani nikakuta bibi harusi wanja umemfika kidevuni, mamake amelazwa anapepewa kwa sinia, na wengine wamegawanyika makundi mawili, wanaomlilia Salim kwa kufa na wanaomsuta kwa kuwa na mke wa siri.

"Kafa, Mungu amrehemu, lakini mke wa Likoni alimficha kwa nini?"

"Nyamaza, maiti hasutwi."

"Hasutwi akishazikwa. Huyu bado."

Shangazi akanipa kipaza sauti cha harusi. "Ulianza mwenyewe," akasema, "malizia mwenyewe." Nikatoa salamu, nikasema naitwa Mwanakombo, bwana harusi simjui, na mume wangu ni mwingine. Nikawaeleza yote, redio, Mzee Faki, simu iliyopotea, mavyaa yangu na swali lake. Nilisema maneno mengi kuliko yaliyohitajika, najua, lakini nilikuwa sijapata kuyasema yote mahali ambapo nawaona wanaonisikia.

Nikiwa katikati, honi zikalia, Salim akashuka garini na watu wake, wametoka kwenye foleni ya feri, simu imekufa chaji. Mama mkwe wake akainuka pale alipolazwa, akamshika mashavu yote mawili, kisha akampiga kwa khanga. Yule kijana akauliza, "Nimefanya nini?" na khanga ikamshukia tena.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke kimyakimya. Shangazi akanivuta mtandio.

"Marehemu umesema jina lake nani?"

"Bakari."

"Basi tumsomee Fatiha, ndipo tule."

Wakanyanyua mikono, hema zima, Salim na suti yake, fundi wa spika, hata mpishi akaweka mwiko chini. Tangu arubaini ya Bakari sikupata kusikia watu wengi hivyo wakimwombea pamoja. Nikaitikia amina nikitazama viatu vyangu.

Walinishikilia nikae nile, wema wao sitausahau, lakini kukaa peke yangu kwenye meza ya harusi sikuweza, nikaenda kukunja waya. Shangazi akaniletea pilau kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Akaniambia Jumapili ijayo nije na mtu wa kunirushia jiwe. Nikamwambia sina. Akasema yeye utotoni hakuna embe lililomshinda, atakuja, inshallah, na mimi sikuweza kujua kama inshallah yake ilikuwa ya kuja au ya kuagana.

Nimeapa: waya wangu hautafungwa tena kwenye nguzo ambayo sikuisimamisha mimi, na nikiitoa taarifa ya msiba nitavua visikilizio kwanza.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni. "Kajibu?"

"Yeye bado," nikasema. "Lakini Bakari kasomewa Fatiha na watu wa harusi nzima."

Akafikiri. "Kwani walimjua?"

"Hawakumjua."

Jioni tulikula pilau ile ya harusi kwenye sinia moja, na kachumbari iliyokwisha kulainika. Bi Zuhura akatenga mnofu mmoja pembeni, kama anavyomtengea mwanawe siku zote, akauangalia, kisha akausukuma upande wangu.