Nyaya za Athi za Pijo ya Ishwar

Tangu mumewe Ishwar afariki, Savitri alikuwa akiipangusa tu vumbi ile Pijo yao kuukuu, gari lililoegeshwa nyuma ya duka lao la vitambaa mjini Bungoma. Mwaka huu alishikwa na hamu ya kwenda Kitale, walikoanzia maisha. Akaiwekea betri mpya. Gari likakohoa, taa zikafifia, likanyamaza.

Akamwita Wamalwa, fundi wa jirani. Wamalwa aliingia chini ya gari, akatoka na kipande cha waya uliosukwa, umeliwa na kutu.

"Mama, hii ni waya ya athi. Inashikanisha injini na bodi. Ikioza hivi, stima inakosa njia ya kurudi kwa betri."

"Badilisha nyaya zote za athi."

Fundi alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga nyaya mpya, akakaza nati. Savitri alipozungusha ufunguo, injini iliwaka papo hapo. Ni sauti hiyo iliyomjulisha, miaka yote, kwamba Ishwar amerudi nyumbani. Machozi yakamtoka.

"Kuna shida, mama?"

"Hapana. Nilikuwa na hamu na hii sauti."

Jumapili aliendesha akapita Webuye na Kiminini hadi Kitale. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa imebomolewa, pamepandwa mahindi. Mwanamke aliyekuwa akipalilia akainuka.

"Unatafuta nani, mama?"

"Mzee mmoja aliyekuwa akiishi hapa."

"Alihama?"

"Ee," Savitri akasema, macho yakiwa kwenye mahindi. "Alihama."